Rangi ya Chasisi

Waswahili wamesema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi, na kila mwaka alipatikana mwanafunzi wa kuuliza mkakasi ni kitu gani. Nilimjibu kuwa ni kikasha kidogo cha mti kilichotiwa nakshi na rangi, na kwamba wazee wetu walikitumia kutuonya tusidanganywe na sura ya nje. Jibu hilo ni sahihi, ila kwa umri nilio nao sasa naliona halijatimia. Methali inailaumu rangi, na rangi yenyewe haina kosa. Ipo rangi ya kuficha na ipo rangi ya kulinda, na pengine zote mbili hutoka katika kopo moja. Tofauti yake nimeielewa vizuri zaidi katika kazi ambayo msomaji hatatarajia kuisoma kwa mwalimu mstaafu, nayo ni kupaka rangi chasisi ya gari lililoundwa nyumbani.

Chasisi ni mifupa ya gari. Ni fremu ya chuma inayobeba injini, magurudumu, viti na bodi, na kila uzito unaopita barabarani huishia kwake. Hapa kwetu jambo hili si geni, kwa kuwa malori na mabasi mengi bado hujengwa hivyo: chasisi hununuliwa pamoja na injini yake, kisha mafundi hujenga bodi juu yake. Magari madogo yalikwisha kuiacha njia hiyo. Mwaka 1922 kampuni ya Lancia ya Italia ilitoa gari lililoitwa Lambda, ambalo bodi yake yenyewe ndiyo iliyokuwa mifupa. Mwaka 1934 Citroën ya Ufaransa ikaliendeleza wazo hilo katika gari lake la Traction Avant, lililotengenezwa kwa mabati yaliyokandamizwa kwa mashine na kuchomelewa pamoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vingi vya magari madogo vikafuata mkondo huo.

Mashine za kukandamiza mabati ni ghali mno, na mtu mmoja katika banda la nyumbani kwake hawezi kuwa nazo. Anachoweza ni kukata mabomba ya chuma, kuyapanga juu ya ubao ulionyooka na kuyachomelea. Ndiyo maana chasisi, ambayo viwanda vya magari madogo viliipa kisogo, imeendelea kuishi mikononi mwa watu wanaojiundia magari.

Watu wa namna hii wamekuwapo tangu gari lilipozaliwa. Henry Ford aliunda gari lake la kwanza katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba yake mjini Detroit, na usiku wa tarehe 4 Juni 1896, alipotaka kulitoa nje, aligundua kuwa mlango ulikuwa mwembamba kuliko gari. Akachukua shoka akavunja matofali. Huko Uingereza, Herbert Austin alipotaka kutengeneza gari dogo la bei nafuu, alimwita nyumbani kwake kijana mchoraji wa kiwandani aliyekuwa na umri wa miaka 18, Stanley Edge, wakachora pamoja gari lililokuja kuitwa Austin Seven. Gari hilo lilitoka mwaka 1922 na likaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1939, yakafikia karibu laki tatu. Chasisi yake ilikuwa na umbo la herufi A, nyepesi na rahisi kueleweka, na magari hayo yalipochakaa ikawa mtaji wa kila kijana mwenye bisibisi na ndoto. Mwaka 1939 wapenzi wake waliunda chama kilichoitwa 750 Motor Club, ambacho kingali hai.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Colin Chapman, mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha London aliyekuwa akichuuza magari makuukuu. Serikali ilipobana mgao wa petroli mwaka 1947, biashara yake ilianguka, akabaki na Austin Seven moja kuukuu isiyo na mnunuzi. Alilivua bodi na kuliunda upya katika banda la wazazi wa mchumba wake, kaskazini mwa London, na mwaka 1948 likawa gari la kwanza la jina la Lotus. Mwaka 1952 alifungua kampuni katika zizi la zamani la farasi lililokuwa nyuma ya hoteli ya baba yake, akaanza kuuza gari lake la sita likiwa vipande vipande: mteja alinunua chasisi ya mabomba na bodi ya alumini, kisha akatafuta mwenyewe injini na ekseli za Ford.

Msomaji atauliza kwa nini mtu anunue gari lisilounganishwa. Jibu liko katika kodi. Gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi ambayo, kwa muda kuanzia mwaka 1951, ilifika theluthi mbili ya bei ya jumla, lakini vipande havikutozwa hivyo. Gari la Lotus Seven, lililotoka mwaka 1957, liliuzwa sana kwa njia hiyo. Husimuliwa kwamba sheria haikuruhusu vipande viambatane na maelezo ya kuunganisha, hivyo kampuni ikatoa maelezo ya namna ya kulifungua gari, na mnunuzi akayasoma kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Mwaka 1973 kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza Uingereza, mwanya huo ukazibwa, na Lotus ikawaachia kampuni ya Caterham haki ya kuendelea kulitengeneza gari hilo.

Hadi hapo historia hii ni ya wafanyabiashara na wahandisi. Sehemu inayonigusa mimi ni ya mwalimu. Mwaka 1996 Ron Champion, aliyekuwa akifundisha katika shule ya Oundle katika jimbo la Northamptonshire, alitoa kitabu kinachoeleza namna ya kujiundia gari dogo la mbio kwa gharama inayoweza kushuka hadi pauni 250. Umbo alilifuatisha la Lotus Seven. Chasisi ilikuwa ya mabomba ya mraba yenye upana wa milimita 25, yale yale yanayotumika kwa madirisha na mageti, na injini ilitolewa katika gari kuukuu la Ford Escort lililokuwa likielekea kuwa chuma chakavu. Kitabu kilitoa vipimo vya kila bomba. Magari hayo yakapewa jina la Locost, jina linalochezea maneno ya Kiingereza yenye maana ya gharama nafuu, na chama kile cha mwaka 1939 baadaye kikayaanzishia mashindano yake. Mwalimu mmoja alichukua maarifa yaliyokuwa ya wachache akayaandika kwa lugha ya mtu mwenye subira na chumba kimoja cha kufanyia kazi. Mimi niliyetoka chuo cha ualimu mwaka 1973, wakati Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ikihimizwa kila pembe ya nchi yetu, naona hapo jambo ambalo tulilitamka sana na mara nyingi hatukulifikisha mwisho.

Mwaka 2014 nilikwenda kumtembelea binti yangu anayeishi Northampton, nikakaa huko miezi mitatu. Jirani yake alikuwa mzee mwenzangu, dereva wa treni aliyestaafu, na ndani ya banda lake palikuwa na chasisi ya namna hiyo, tupu, imewekwa juu ya farasi wawili wa mbao. Aliifanyia kazi kwa msimu mzima wa baridi, na sasa ilikuwa imefika kupakwa rangi. Binti yangu alimfundisha kuniita Mwalimu, naye akaniomba nimsaidie kwa sababu, alivyosema, macho mapya huona yale ambayo macho ya mwenye kazi yameshayazoea.

Nilidhani tutafungua kopo siku ile ile. Tulifungua kopo baada ya siku tano. Siku ya kwanza alinipa tochi na kioo kidogo cha mkononi, akaniambia, "Mwalimu, hii ndiyo mara ya mwisho maungio haya kuonekana. Tukishapaka, tutakuwa tunaamini tu." Tulipita ungio moja baada ya jingine, juu, ubavuni na chini, ambako fundi huchomelea kwa kujikunja na kazi huwa mbaya. Pale panapofungwa mkono wa gurudumu la mbele tulikuta ungio lililojaa vitundu kama andazi lililoumuka vibaya. Kwa mtazamo wa mbali lilikuwa zuri. Mzee alilisaga lote kwa mashine, akalichomelea upya, na siku mbili zikapita.

Baadaye ndipo tuliposugua kwa brashi ya waya na msasa, tukafuta mafuta kwa kitambaa chenye thina mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Tokea hapo tulivaa glovu, kwa kuwa jasho la kiganja lina chumvi, na alama ya kidole huweza kuota kutu chini ya rangi. Tuliziba kwa utepe nyuzi za boliti na namba iliyogongwa kwenye chuma, na pia mahali panapofungwa waya wa umeme wa kurudi kwenye betri, maana rangi huuzuia umeme. Ndipo tukapaka rangi ya msingi siku hiyo hiyo, kwani chuma kilichosuguliwa katika hewa yenye unyevu hakingoji kesho ndipo kianze kubadilika. Tulianza na kingo na maungio kwa brashi ndogo, kisha sehemu pana. Rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali, ikabaki nyembamba pale pale ambapo kutu hupenda kuanzia. Ilipokauka tuliipindua chasisi juu chini tukarudia.

Kutu ni adui mwenye tabia ya pekee. Chuma, maji na hewa vikikutana, chuma hugeuka kuwa kitu kingine kinachochukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na kwa hiyo huiinua rangi kutoka chini na kujifungulia njia ya kusonga mbele. Wajenzi wakubwa walilijua hilo. Mnara wa Eiffel, uliofunguliwa Paris mwaka 1889, umekuwa ukipakwa rangi upya takriban kila miaka saba. Daraja la reli la Forth huko Scotland, lililofunguliwa mwaka 1890, lilipakwa sana hata Waingereza wakalifanya mfano wa kazi isiyokwisha, mpaka mwaka 2011 lilipomaliziwa kupakwa rangi ya aina mpya inayotarajiwa kudumu miaka 25 au zaidi. Wapakaji walianza kwa kukikwangua chuma mpaka kikabaki kitupu, wakaondoa rangi zote zilizorundikana juu yake.

Rangi nayo ina hatari zake. Zamani chuma kililindwa kwa rangi nyekundu iliyotengenezwa na madini ya risasi. Iliyalinda madaraja na meli vizuri sana, lakini risasi ni sumu, na huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Siku hizi rangi za msingi hutumia zinki au oksidi ya chuma, ile ambayo mafundi wetu huiita redoksaidi. Zipo pia rangi ngumu za kopo mbili zinazochanganywa kabla ya kupulizwa. Hizo hung'aa na kudumu, lakini moshi wake una kemikali ziitwazo isosianati, zinazoweza kumpa mpulizaji pumu ya maisha, na kinga yake ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Jirani yule alichagua brashi kwa sababu banda lake lilipakana na jiko. Niliporudi nyumbani nilianza kuwatazama kwa jicho jingine vijana wetu wa kando ya barabara wanaopuliza magari wakiwa wamejifunga leso puani. Leso huzuia vumbi, na haizuii kabisa mvuke wa kemikali ile. Mteja anayedai rangi ing'ae kama kioo angefaa pia kuuliza kijana huyo anavuta nini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Siku ya kuchagua rangi ya juu nilitegemea jirani achague nyeusi, kwa sababu chasisi nyingi nilizopata kuziona zilikuwa nyeusi, na nyeusi huficha grisi na uchafu. Yeye alifungua kopo la kijivu cheupe kidogo, rangi isiyo na mvuto wowote. Nilipomuuliza, alinieleza kuwa ndivyo walivyopendelea waundaji wengi wa magari ya mbio. Bomba likianza kupasuka, ufa huonekana juu ya kijivu kama mstari wa kalamu ya risasi juu ya karatasi, na mafuta yakianza kuvuja huonekana siku ile ile. Juu ya nyeusi ufa hauonekani mpaka umekuwa mkubwa. Kuna na wale wanaopeleka chasisi kiwandani kuvikwa unga wa plastiki uliookwa, ambao ni mgumu na mzuri kwa macho. Lakini jiwe likiutoboa, maji huingia, na kutu husafiri chini yake bila kuonekana huku juu kukiendelea kumeta.

Hapo nikaona kuwa swali letu la mkakasi lina jibu la kifundi. Rangi ya kulinda hujulikana kwa mambo mawili: kwamba kazi ilikaguliwa kabla haijafunikwa, na kwamba rangi yenyewe haimzuii mtu kuikagua tena. Ikikosa moja kati ya hayo, basi ni nakshi ya mkakasi.

Katika miaka ya 1980, kabla sijawa mkuu wa shule, nilifundisha katika shule moja ya bweni ambayo ilitarajia kupokea mgeni rasmi. Kwa wiki mbili wanafunzi walipaka chokaa kuta na kuzungushia mawe kando ya njia, na dari za madarasa zikapigwa rangi nyeupe iliyopendeza. Fundi seremala alikuwa amesema kwamba juu ya dari kenchi zimeliwa na mchwa. Akaambiwa asubiri, kwa kuwa fedha ilikuwa ya rangi. Mgeni alikuja, akasifu usafi, akaondoka. Masika ya pili yake paa la darasa moja liliporomoka juu ya madawati zaidi ya arobaini. Ilikuwa siku ya Jumapili, na hakuna mtoto aliyekuwamo. Nimelitaja tukio hilo kwa sababu kuanzia siku ile sikuweza tena kuufurahia ukuta mpya uliopakwa bila kujua paa lake limekaaje. Nilipokabidhiwa shule yangu niliweka utaratibu kwamba kabla ya chokaa ya kila mwaka fundi apande juu ya dari na nyundo, agonge kenchi moja moja, na aandike katika daftari alichosikia. Walimu wengine waliliita daftari la mchwa, na lilifanyiwa mzaha mwingi. Lilituonyesha kenchi za kubadilisha karibu kila mwaka.

Atakuwepo msomaji atakayesema kwamba kuna serikali na wakaguzi, hivyo mtu binafsi hana haja ya kujitesa na tochi na kioo. Ni kweli kwamba Uingereza imeweka sheria: kuanzia mwaka 1998 magari yaliyoundwa nyumbani yalikuwa na ukaguzi wake maalumu, na tangu mwaka 2009 upo ukaguzi mwingine ulio mpana zaidi. Mkaguzi hupima breki, taa, mikanda na ncha zinazoweza kumkata mtembea kwa miguu. Ni kazi ya maana, na imeokoa watu. Hata hivyo maungio huyakuta yamekwisha kupakwa. Hakuwapo siku ambayo chuma kilikuwa kitupu. Siku hiyo alikuwapo mwenye gari peke yake, na yeye ndiye atakayemkalisha mkewe au mjukuu wake kwenye kiti cha pili. Hakuna sheria inayoweza kusimama badala yake saa hiyo.

Sisi walimu tuna kazi inayofanana sana na hiyo. Mtoto wa darasa la kwanza na la pili bado ni chuma kitupu. Mahali asipoelewa panaonekana kwa mwenye kuangalia. Tukimpandisha na ungio bovu, kila mwaka unaofuata humpaka tabaka jingine la maneno ya kukariri, na akifika kidato cha nne hung'aa, mpaka uzito wa kweli utakapomshukia. Mkaguzi wa mtihani humkuta amekwisha kupakwa. Kwa hiyo ningependa walimu wenye uzoefu mkubwa wapelekwe madarasa ya chini, ambako kwa kawaida tunawapeleka wageni wa kazi. Na ningependa karakana zirudi shuleni, hata kama ni chumba kimoja chenye jiliwa na msumeno, maana chuma hakimdanganyi mwanafunzi: kimeshika au hakikushika.

Na wewe, ndugu msomaji, ukionyeshwa gari, nyumba, shule au hesabu za chama zilizopakwa rangi mpya, usianze kwa kuuliza rangi ile iligharimu kiasi gani. Uliza ni nani aliyekitazama kitu hicho kabla hakijapakwa, na alikuwa na tochi ya namna gani.